Watoto wa Bariadi wasinyimwe mbio fupi

Imekuwa desturi katika nchi hii kwamba riadha inapotajwa, mawazo ya watu hukimbilia masafa marefu. Jambo hilo lina sababu zake. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Medali mbili za fedha za Olimpiki ambazo Tanzania ilizipata Moscow mwaka 1980 zililetwa na Bayi huyo huyo, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000. Na Nyambui ni mtoto wa Majita, katika mkoa wa Mara uliopakana na Simiyu. Mwaka 2025 Alphonce Simbu akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Taifa lenye sifa za namna hiyo lina haki ya kuona fahari. Kosa huanza pale fahari inapogeuzwa kuwa kanuni, watu wakaamini kwamba mtoto wa Afrika Mashariki ameumbiwa pumzi tu, na kwamba mita 100 ni mali ya Wajamaika, Wamarekani na Waingereza.

Imani hiyo hufanya kazi yake kimya kimya katika viwanja vya shule. Mwalimu wa michezo huwaamuru watoto wauzunguke uwanja mara kumi ili wachaguliwe watakaokwenda kwenye mashindano ya UMITASHUMTA. Yupo mtoto atakayechomoka kama mshale, awaache wenzake katika nusu ya mzunguko wa kwanza, kisha achoke na kumaliza wa mwisho huku akichekwa. Huyo huambiwa hana pumzi, akarudishwa darasani. Huenda ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote, lakini hakuna aliyempima katika umbali unaomfaa.

Yafaa ikumbukwe habari ya Seraphino Antao. Alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika familia yenye asili ya Goa, akasoma na kukulia katika mji huo. Hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Katika ujana wake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bandarini, na mazoezi yake yalipaswa kungoja kazi iishe. Alipata bahati moja ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule hawakuipata, nayo ni mwalimu, Mwingereza Ray Batchelor, aliyeijua kazi ya mbio fupi na aliyekubali kusimama naye jioni baada ya jioni akimfundisha kutoka kwenye mstari.

Mwaka 1960 Antao alikwenda kwenye Olimpiki ya Roma. Mwaka 1962 aliingia katika mashindano ya ubingwa ya chama cha riadha cha Uingereza, akawashinda Waingereza nyumbani kwao katika yadi 100 na yadi 220. Mwishoni mwa mwaka huo huo alisafiri hadi Perth, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako joto liliwatesa wachezaji wengi. Mtoto wa pwani alikimbia yadi 100, ambazo ni kama mita 91, kwa sekunde 9.5, akachukua dhahabu. Kisha akachukua dhahabu ya pili katika yadi 220. Kenya ilikuwa bado koloni. Medali za kwanza za dhahabu za nchi hiyo katika michezo ile, kabla ya sifa yote ya wakimbiaji wa Bonde la Ufa, zililetwa na mkimbiaji wa mbio fupi kutoka Mombasa.

Mwaka 1964 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huru kwenye Olimpiki ya Tokyo. Maradhi yalimpunguza nguvu, na fainali hakuifikia. Baadaye alihamia London, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2011.

Wapo watakaosema kwamba Antao alikuwa Mgoa, na kwa hiyo mfano wake hauwahusu Wasukuma. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani ardhi, chakula na jua vilivyomlea vilikuwa vya hapa hapa. Na kama damu ndiyo inayotakiwa, jibu lilitolewa na Ferdinand Omanyala, mzaliwa wa magharibi ya Kenya aliyecheza raga kabla ya kugeukia riadha. Septemba 2021 alikimbia mita 100 jijini Nairobi kwa sekunde 9.77, na mwaka 2022 akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Kati ya dhahabu ya Antao na hiyo ya Omanyala ilipita miaka 60. Je, katika miaka hiyo yote hakuzaliwa Mkenya mwenye mbio? Walizaliwa, ila mwenye kuwatafuta hakuwapo. Tanzania yenyewe ilimpeleka Claver Kamanya katika mita 400 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini njia aliyoifungua haikupata wapitaji wengi.

Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012, na wapo watakaojitetea kwamba mkoa mchanga hauna viwanja. Lakini maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020. Kilipotakiwa kiwanja cha kuonyesha pamba na ng'ombe, kilipatikana. Mkimbiaji wa mita 100 anahitaji eneo dogo sana kuliko hilo: mstari mmoja ulionyooka, mahali pasipo na nyufa za udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi unaweza kumvunja mtoto mguu.

Mafunzo yenyewe nayo yana namna yake. Mbio fupi hazijengwi kwa kuchoshwa. Mtoto hukimbizwa mita 30 kwa nguvu zake zote, akapumzika dakika kadhaa hadi moyo utulie, ndipo akarudia, mara chache tu. Akizungushwa uwanjani hadi miguu iwe mizito, kinachofunzwa ni uvumilivu, wala si kasi. Tofauti hii kila mwalimu anaweza kuielewa kwa siku moja, na saa ya kupimia sekunde imo ndani ya simu aliyonayo mfukoni.

Linalobaki ni daftari. Maofisa michezo wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanaweza kuziagiza shule ziandike jina, umri na muda wa kila mtoto katika mita 100, mwaka hadi mwaka, ili anayepanda darasa asisahauliwe. Kuupima mstari huo kunahitaji mwalimu mmoja, kamba ya mita 10 inayosogezwa mara kumi, majivu ya kuchorea na alasiri moja, kabla watoto hawajaitwa mashambani kuchuma pamba.