Madoa meupe yakipotea, usisherehekee bado

Wasee mnaofuga samaki wa baharini nyumbani, tuambiane ukweli. Madoa yakitoka mwilini mnasema, "Amepona." Zii. Kimelea chenyewe, Cryptocaryon, kimeshuka tu mchangani, kikajifungia ndani ya ganda kizaliane. Kikirudi kinakuja na jeshi, kinavamia matamvua, samaki anakosa pumzi.

Dawa ya shaba inasaidia, lakini hamisha samaki wote kwa tangi la pembeni kwanza. Ukiimwaga kwa tangi kubwa, kamba na matumbawe kwisha! Hilo kubwa likae bila samaki wiki 11 hivi.

Na samaki mgeni? Karantini, hata muuzaji akiapa vipi. Tangi dogo na pampu ya hewa ni bei nafuu kuliko kuzika ukoo mzima.