Jembe Wamepewa, Mavuno Je?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huu hupendwa sana na wale wanaotaka kumwambia mgeni kwamba afanye kazi, lakini ni wachache wanaoufuata mpaka mwisho wake. Maana mtu aliyekwisha kupewa jembe si mgeni tena. Anayo haki ya kula katika shamba alilolilima, na wenyeji wanao wajibu wa kumjua kwa jina. Leo twataka kuwatazama watu wa mataifa mawili waliopewa jembe katika nchi za wenzao, yaani Wareno walioingia Ufaransa na Waburma walioingia Thailand. Twataka kuona nani alipewa na mavuno, nani alinyimwa, na sababu ni nini.

Msomaji ataweza kutuuliza: Wareno na Waburma watuhusu nini? Watuhusu sana. Mreno tuliyemjua sisi ni yule aliyejenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na yule aliyetawala ng'ambo ya Ruvuma mpaka mwaka 1975. Mreno maskini, mkulima wa mawe na mizeituni, hatukumjua kamwe. Ama Burma, ni jina lililokaa katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Vijana wetu wa Divisheni ya 11 walipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope, na wengine hawakurudi. Basi tusiseme kwamba habari hizi ni za watu wa mbali.

Kilichowatoa kwao

Ureno ilitawaliwa na Salazar tangu mwaka 1932 mpaka mwaka 1968, na baada yake Caetano akaushika utawala ule ule mpaka ulipoangushwa tarehe 25 Aprili 1974. Ilikuwa nchi yenye makoloni makubwa na wakulima wenye njaa. Mwaka 1961 vita vya ukombozi vilianza Angola, mwaka 1963 vikaanza Guinea, na tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikaanza vita Msumbiji. Kijana wa Kireno alipotimiza umri aliitwa jeshini, na utumishi wake uliweza kufika miaka minne. Kuondoka nchini bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Hata hivyo waliondoka. Walivuka milima ya Pyrenees usiku wakiongozwa na walanguzi, na safari ile wenyewe waliiita "kuruka". Msafiri alichana picha yake vipande viwili, kimoja akakiacha nyumbani na kimoja akaenda nacho. Alipofika salama alikipeleka kwa barua, na hapo ndipo jamaa zake walipomlipa mlanguzi fedha zilizosalia.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo afikiri. Kijana wa Ureno ya kaskazini aliyevuka Pyrenees ili asipelekwe kupigana Msumbiji, na mama wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma na mtoto mgongoni mpaka akafika makazi ya Rutamba, wote wawili walikuwa wakimkimbia mtu mmoja. Hawakujuana, wala hawakusema lugha moja, lakini vita vyao vilikuwa vimoja.

Sasa tutazame Burma. Jenerali Ne Win alinyakua serikali mwezi wa Machi mwaka 1962. Katika miaka ishirini na sita aliyotawala, nchi iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa mchele wake iliingia mwaka 1987 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa kwa maendeleo. Mwaka ule ule serikali ilitangaza kwamba noti kadhaa hazina thamani tena, na akiba za watu zikateketea kwa siku moja. Mwaka 1988 wananchi walipoandamana walipigwa risasi. Uchaguzi wa mwaka 1990 ulifanyika, lakini majeshi yalikataa matokeo yake. Tena, katika majimbo ya mipakani vita kati ya serikali na makabila kama Wakareni vilikuwa vimeendelea tangu miaka ya mwisho ya 1940. Tarehe 1 Februari 2021 majeshi yaliiangusha tena serikali iliyochaguliwa, na mwezi wa Februari mwaka 2024 yakatangaza kutekeleza sheria ya kuwaita jeshini wanaume wa miaka 18 mpaka 35 na wanawake wa miaka 18 mpaka 27. Vijana wakaelekea mpaka wa Thailand kwa makundi, kama vile vijana wa Kireno walivyoelekea Pyrenees miaka sitini iliyopita.

Kwa hiyo kilichowatoa watu hawa ni mambo matatu yaliyo sawa kabisa: umaskini wa shamba, utawala wa mabavu, na jeshi linalowataka vijana kwa vita wasivyoviamini. Hata kazi walizozipata zilifanana. Wareno wanaume waliingia katika ujenzi wa nyumba na barabara, na wanawake wakafagia nyumba za watu na kulinda milango ya majengo ya Paris, wakilala katika chumba kimoja kando ya ngazi. Waburma waliingia katika viwanda vya samaki na kamba vya Samut Sakhon, katika viwanda vya nguo vya Mae Sot, katika merikebu za uvuvi, mashamba ya mpira na majengo ya Bangkok. Jengo lililokuwa likijengwa Bangkok lilipoanguka kwa tetemeko la tarehe 28 Machi 2025, miongoni mwa waliofukiwa chini yake walikuwamo vibarua Waburma.

Wala mtu asidhani kwamba Mreno alipokewa kwa zulia. Huko Champigny-sur-Marne, kando ya Paris, ulisimama mji wa mabanda ya mbao na mabati uliokuwa na Wareno zaidi ya 10,000 katika miaka ya 1960. Matope yalifika magotini, na maji yalichotwa kwa zamu. Mwanzo wao, basi, haukuwa bora kuliko mwanzo wa Mburma. Kilichotofautiana ni yale yaliyofuata.

Sheria mbili, matunda mawili

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962 Ufaransa ilikuwa na Wareno wapatao 50,000. Mwaka 1968 walikuwa karibu 300,000, na mwaka 1975 walizidi 750,000, wakawa wageni walio wengi kuliko wote nchini humo. Wengi wao waliingia bila hati, kisha wakapewa hati wakiwa ndani. Serikali ilijua, ikafumba macho, kisha ikapiga muhuri. Mwenye muhuri aliweza kumleta mkewe na watoto, kuhama kwa tajiri mbaya akaenda kwa mwingine, na kupata posho ya watoto kama Mfaransa. Mtoto aliyezaliwa na kukulia huko aliweza kuwa raia alipofika utu uzima. Katika miaka ya 1970 sheria iliwafungulia wafanyakazi wageni nafasi za uongozi katika vyama vya wafanyakazi. Ureno ilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, na mfanyakazi wa Kireno akaruhusiwa kwenda apendako tangu mwaka 1992, habari ya hati ikafa kabisa. Mwaka 2001 Wareno wa Ufaransa walipiga kura katika uchaguzi wa mabaraza ya miji bila ya kuuacha uraia wa kwao.

Thailand nayo yawahitaji Waburma, tena sana. Waliosajiliwa huhesabiwa kwa mamilioni, na wasiosajiliwa ni wengi pia. Lakini usajili wao umekuwa wa kupima muda: mwaka mmoja, miwili, kisha foleni tena, ada tena, dalali tena. Nchi hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya kazi mwaka 2003, lakini njia yake imekuwa ndefu na ya gharama, hata wengi wameona ni nafuu kumlipa mlanguzi. Bei halisi ya mlanguzi ilionekana mwezi wa Aprili mwaka 2008, pale Waburma 54 walipokufa kwa kukosa hewa ndani ya lori la samaki katika jimbo la Ranong. Sheria ya mwaka 1975 ya mahusiano ya kazi iliweka kwamba viongozi wa chama cha wafanyakazi sharti wawe raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo kiwanda ambacho wafanyakazi wake karibu wote ni Waburma hakiwezi kuwa na chama kinachoongozwa na Waburma. Mtoto wao anayezaliwa huko hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Tukumbuke pia kwamba Thailand haikutia sahihi mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, na katika makambi yaliyoanza mpakani mwaka 1984 watu wamezaa na kujukuu nyuma ya seng'enge, bila ruhusa ya kutoka kwenda kufanya kazi.

Haki hutaka tuseme na mazuri. Mwaka 2005 serikali ya Thailand iliamua kwamba kila mtoto, mwenye hati na asiye na hati, aweza kuingia shule. Na huko Mae Sot Daktari Cynthia Maung, naye mkimbizi, alianzisha zahanati mwaka 1989 ambayo imewatibu Waburma kwa miaka mingi bila kuwauliza karatasi. Lakini angalia lililotokea Desemba 2020. Ugonjwa wa korona ulipozuka katika soko la kamba la Samut Sakhon, mabweni ya vibarua yalizungushiwa seng'enge, na Waburma wakalaumiwa kwamba wao ndio walioleta maradhi. Mikono yao ilitakiwa sokoni jana, na leo miili yao ikaogopwa.

Wasemayo watu

Wapo wanaosema: Wareno waliendelea kwa sababu ni watu wa bidii na wacha Mungu. Maneno haya twayakataa. Mburma asimamaye saa kumi na mbili akimenya kamba katika maji ya barafu, apungukiwa na bidii gani? Tena ikiwa ni bidii tu, mbona Waaljeria, waliofika Ufaransa kabla ya Wareno na kujenga barabara zile zile, hawakufumbiwa macho vile vile? Wao nao waliishi katika mabanda, huko Nanterre. Lakini mwaka 1968, Ufaransa ilipoanza kubana utoaji wa hati kwa walioingia kinyume cha sheria, Wareno waliachwa nje ya marufuku ile. Wakubwa wa Ufaransa walimwona Mreno kuwa Mzungu na Mkatoliki, atakayemezwa upesi katika taifa. Basi mlango uliofunguliwa ulifunguliwa kwa rangi na dini pia, na tusiusifu kuliko ustahilivyo.

Wapo pia wasemao kwamba Ufaransa ilikuwa tajiri na Thailand si tajiri vile. Neno hili lina ukweli. Ufaransa ya miaka ile ilikuwa ikijengwa upya, na kazi zilikuwa tele. Lakini kutambua haki ya mtu hakugharimu utajiri mwingi. Ushahidi twaupata Thailand kwenyewe: mwezi wa Agosti mwaka 2025, baada ya ugomvi wa mpakani na Kambodia kuwaondoa vibarua wengi wa Kikambodia, baraza la mawaziri liliamua kwamba wakimbizi wa makambini waweza kuruhusiwa kufanya kazi. Jambo lililosemekana haliwezekani kwa miaka arobaini liliwezekana kwa majuma machache. Twafurahi kwa ajili yao. Lakini twaona pia kwamba lililofungua lango ni upungufu wa vibarua. Machozi ya wakimbizi yalikuwapo siku zote.

Mlango wa nyuma

Liko jambo moja la mwisho, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Mreno alipokuwa akiteseka Champigny, alipeleka fedha kijijini na kujenga nyumba huko. Utawala wa Salazar uliomhesabu mkosaji kwa kuondoka ulizipokea fedha zake kwa mikono miwili. Baada ya mwaka 1974 mlango wa nyumbani ulifunguka, na kila Agosti barabara za Ureno zikajaa magari yenye namba za Ufaransa. Mtu mwenye mahali pa kurudi husema na tajiri wake kwa sauti nyingine.

Mburma hana mlango huo. Mwaka 2023 watawala wa kijeshi waliwaamuru wafanyakazi walio nje wapeleke robo ya mapato yao kwa njia ya benki zinazotambuliwa na serikali, ili wapate fedha za kigeni. Mwaka 2024 wakazuia utoaji wa vibali vya kwenda kazini nje kwa wanaume. Kwa hiyo akirudi atavishwa magwanda, na akikaa bila hati atakamatwa. Mtu wa namna hii hawezi kukataa ujira mdogo, na kila tajiri wa kiwanda alijua hilo kabla yetu sisi kuliandika.

Kutokana na hayo twafikia shauri letu. Hali ya mgeni haiamuliwi na damu yake, wala na idadi ya saa anazofanya kazi. Huamuliwa na hati anayopewa kule aliko na amani iliyoko kule alikotoka. Mreno aliyapata yote mawili, ingawa kwa kuchelewa na kwa upendeleo. Mburma bado anayangoja. Serikali yoyote inayojenga viwanda vyake kwa mikono ya watu ambao haitaki kuyaandika majina yao daftarini imemkabidhi mgeni jembe na kujiwekea ghala yenyewe. Wahenga wetu hawakumaanisha hivyo.