Daftari la Mahudhurio na Zamu ya Usiku: Tumkumbukeje Mama Muuguzi?



Wapendwa Taifa la Mungu, hivi karibuni katika moja ya parokia zilizo chini ya Mlima Meru tulimsindikiza kaburini mama wa watoto wanne, muuguzi kwa kazi yake. Jina lake silitaji, kwa kuwa familia ingali katika majonzi, na kwa kuwa ninayotaka kusema yanawahusu wengi walio kama yeye.

Kabla ya mazishi, kama ilivyo desturi, viongozi wa Jumuiya walifika ofisini wakiwa na daftari la mahudhurio. Katika mwaka mzima marehemu alikuwa ameonekana katika sala za Jumuiya mara chache mno. Swali liliulizwa kwa sauti ya chini, lakini liliulizwa: je, aletwe kanisani kwa Misa, au katekista amalizie ibada nyumbani? Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilisitasita nikilitazama lile daftari.

Ndipo nikaikumbuka simu. Kwa miaka kadhaa ililia usiku wa manane, na sauti ileile ikaniambia kwa kifupi kwamba wodini kuna mgonjwa anayeomba Mpako Mtakatifu, nami nisikawie. Aliyenipokea mlangoni kila mara ni huyo mama. Mara nyingine alinijia baada ya Misa ya alfajiri, akiwa bado na sare ya kazi, akanikabidhi kipande cha karatasi chenye jina la kichanga alichokibatiza kwa ombi la mama yake, kabla hakijakata roho. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa yampa mtu yeyote mwenye nia sahihi ruhusa ya kubatiza pale penye dharura. Katika daftari la Jumuiya hapakuwa na safu ya kuandika mambo hayo.

Sisemi haya ili kuzidharau Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tangu Maaskofu wa AMECEA walipozifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, zimekuwa uti wa mgongo wa parokia zetu. Ndimo yatima wanamofahamika na wagonjwa wanamotembelewa. Hata ukali wa mahudhurio una sababu yake: tulichoka na Wakristo wanaolikumbuka Kanisa siku ya msiba tu. Lakini utaratibu uliowekwa ili kumwamsha mlegevu umeanza kumhukumu mchapakazi. Jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, saa ambayo muuguzi wa zamu ya usiku bado anakabidhi wodi kwa wenzake. Akifika nyumbani, watoto na ng'ombe wanamsubiri. Na kwa kuwa wauguzi ni wachache kuliko wagonjwa, siku yake ya mapumziko yaweza kufutwa kwa simu moja.

Kanisa linafundisha nini? Kanuni ya 1176 inasema waamini wapewe mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa, wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani hadharani, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Aliyekosa sala za Jumuiya kwa sababu ya zamu hayumo. Tena Katekisimu, namba 2185, inakiri kwamba huduma muhimu kwa jamii ni sababu halali ya kutotimiza mapumziko ya Dominika.

Zaidi ya sheria upo ushuhuda. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliikumba Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, hospitali ya Kikatoliki, wauguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine kwa kuwahudumia wagonjwa. Mwezi Novemba wenzao walikusanyika wakiwa na hofu, na wengi walitaka kuondoka. Dkt. Matthew Lukwiya, Mprotestanti aliyeiongoza hospitali hiyo, aliwaeleza kwamba yeye atabaki. Wengi wakarudi wodini. Tarehe 5 Desemba naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Wengi wa wahudumu wale walikuwa na familia zilizowangoja nyumbani. Nani angethubutu kuwadai mahudhurio ya majuma yale?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na wauguzi wa Italia mwezi Machi 2018, alimtaja kwa jina Sista Cornelia Caraglio, Mdominikani aliyemuuguza alipokuwa kijana mgonjwa mahututi huko Argentina. Sista huyo alisimama mbele ya madaktari akataka mgonjwa aongezewe dawa, na kijana akapona. Miaka mingi baadaye Papa bado alilikumbuka jina lake.

Nasi tufanye nini? Kwanza, kila Jumuiya iwajue wanachama wake wanaofanya kazi kwa zamu, na katika daftari liwepo neno "zamu" kando ya neno "hayupo". Pili, Jumuiya zenye wauguzi wengi zisali mara mojamoja jioni, au zimfuate muuguzi kwake siku ya mapumziko. Tatu, sisi mapadre tuwakumbushe kwamba Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika. Nanyi wauguzi, mkipata nafasi msiifanye zamu kuwa kisingizio, na lugha mnayomwambia mgonjwa iwe sehemu ya sala yenu.

Mama yule aliletwa kanisani, nasi tukamwadhimishia Misa Takatifu. Wakati wa kuaga, wanawake wasiojulikana na Jumuiya, baadhi yao wakiwa na watoto mgongoni, walipanga foleni ndefu hadi nje ya mlango. Mwenyekiti wa Jumuiya aliwatazama, kisha akalifunga daftari na kuliweka chini ya benchi.

Mungu wa huruma amjalie pumziko la milele, na awafariji watoto wake wanne.