Chasi, Kinywaji cha Maziwa cha Wahindi



Katika miezi ya Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijashuka, kila jamaa ya Kipushi hutafuta kitu cha kutuliza kiu. Jua ni kali, vumbi jekundu limejaa njiani, na watoto warudipo kutoka shuleni neno lao la kwanza ni kuomba franka za kununua chupa ya kinywaji kitamu. Chupa ndogo ya namna hiyo aghalabu ina sukari ipatayo gramu 35, na mtoto akiisha kuinywa, kiu haikawii kumrudia. Leo nataka kuwaelezeni kinywaji kingine, ambacho mama wa nyumba aweza kukitengeneza mwenyewe kwa maziwa kidogo, maji, chumvi na viungo viwili vitatu.

Wahindi wa Gujarat hukiita chasi. Asili yake ni mabaki. Mama wa Kihindi huyagandisha maziwa usiku, na asubuhi huyapekecha mpaka siagi ijitenge na kuelea juu. Siagi huiyeyusha motoni iwe samli, nayo ni mali. Maji meupe yabakiayo, yenye uchachu na mafuta machache, ndiyo chasi, kinywaji cha tajiri na cha maskini. Waswahili wa pwani nao walikuwa na neno lao la kitu hicho, yaani mtindi, ingawa siku hizi wengi hulitumia kwa maziwa yoyote yaliyoganda.

Wafanya biashara wa Gujarat walikaa Unguja na Mombasa tangu zamani, na vyakula vyao pamoja nao. Kisha, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000, wengi wao kutoka Punjab, wajenge reli kutoka Mombasa hadi ziwa la Viktoria. Watu wa Punjab wana kinywaji kilicho ndugu ya chasi, kiitwacho lassi, kizito zaidi, na mara nyingi chenye sukari. Mimi nasema tuwaachie lassi yao, kwa maana sukari ndiyo tuliyokuwa twaikimbia.

Msidhani ya kuwa kuchachisha ni jambo geni kwetu. Nani katika Katanga asiyejua munkoyo, uji wa mahindi uliotiwa mizizi na kuachwa uchache? Na ng'ambo ya mpaka, Watonga wa Zambia wana maziwa yao yaitwayo mabisi. Lililo geni kwa wengi wetu ni maziwa yenyewe, kwa kuwa mbung'o waliwazuia babu zetu wengi kufuga ng'ombe. Watu wazima wengi wa kwetu, wakinywa kikombe cha maziwa yasiyochacha, tumbo huvimba na kunguruma. Huo si ulozi. Utoto ukiisha, mwili mara nyingi hupunguza kutengeneza kile kiyeyushacho sukari ya maziwa. Lakini maziwa yachachapo, vijidudu vyema hula sehemu ya sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi. Basi tumbo lapata nafuu.

Haya, tushike kazi. Mkipata maziwa ya ng'ombe, chukueni lita moja mkayachemshe mpaka yapande. Msiseme uchachu watosha kuyasafisha, kwa maana hauwezi kutegemewa kuua viini vya kifua kikuu; moto ndio uuao. Wasio na ng'ombe, nao ndio wengi, watumie maziwa ya unga, gramu 130 hivi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Yaacheni yapoe mpaka kidole kidogo kiweze kukaa ndani, mkihesabu hadi kumi, pasipo kuungua. Hapo tieni vijiko viwili vya maziwa yaliyoganda yasiyo na sukari, hayo ndiyo mbegu. Korogeni, funikeni, acheni saa saba au nane bila kuyatikisa.

Kesho yake, kwa kila kikombe cha mgando, tieni vikombe viwili au vitatu vya maji baridi, mkapige kwa upekecho mpaka povu litokee. Hatuna haja ya kutoa siagi kwanza. Mgando uliozimuliwa hivi ni chasi ya kutosha. Kisha jira, ambayo pwani huitwa pia bizari nyembamba, na ambayo hupatikana katika maduka ya Wahindi mjini Lubumbashi: ikaangeni kavu, bila mafuta, mpaka ibadilike rangi na harufu yake ijaze nyumba, ndipo muisage. Kijiko kidogo kimoja cha jira na nusu kijiko kidogo cha chumvi chatosha lita moja na nusu. Ongezeni tangawizi iliyopondwa na majani ya kotmiri au nanaa. Wengine hutia pilipili mbichi, na mvuje kidogo, ule utomvu wenye harufu kali ambao watu wa pwani huutumia kufukuzia pepo. Pasipo mvuje kinywaji hakipungukiwi kitu. Pasipo jira iliyokaangwa, mtakunywa maji ya maziwa tu.

Chasi hunywewa pamoja na chakula au baada yake, nayo hupatana sana na bukari na sombe. Lakini isichukue nafasi ya chakula. Lita moja ya maziwa ina protini gramu 32 hivi. Igawanyeni kwa watu wanane, kila mmoja apata gramu 4. Basi baba asije akasema kwamba, maadamu kuna chasi mezani, maharagwe na samaki vipunguzwe. Na mzee mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu atengewe kikombe kisicho na chumvi.

Sasa maji. Zaidi ya nusu ya kinywaji hiki ni maji, nayo hayapiti motoni tena baada ya kuchanganywa. Mwaka 2008 kipindupindu kiliwapiga watu wengi Lubumbashi na Likasi, na si mara hiyo tu kwamba kimeingia katika nchi yetu ya Katanga. Maji ya chasi yachemshwe jana yake, yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Barafu inunuliwayo njiani msiitie, kwa kuwa hamkuyaona maji iliyotengenezewa.

Tena chombo. Watu wa Kipushi hawahitaji kufundishwa zinki ni kitu gani: mgodi wetu ulitoa shaba na zinki tangu miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 zinki ilianza kutolewa tena. Basi jueni kwamba ndoo ya bati ing'aayo imepakwa zinki hiyo hiyo, na asidi ya maziwa huila. Kinywaji kikilala humo, wanywaji waweza kushikwa na kichefuchefu na kutapika. Chombo cha shaba tupu nacho kina hatari ya namna hiyo. Tumieni chungu, chupa ya kioo, au sufuria ya enameli isiyobanduka. Bidoni iliyowahi kubeba asidi au dawa za kiwandani isitumike kamwe, hata ioshwe mara saba.

Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe ziwa la mama tu. Na mtoto mwenye kuhara msimtibu kwa chasi mkisema kwamba ina maji na chumvi. Chumvi yake haina kipimo cha dawa. Mtengenezeeni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mkimnywesha kidogo kidogo njiani kwenda zahanati.

Katika Juni na Julai, baridi ya usiku huku kwetu huyazuia maziwa yasigande. Kizungusheni chungu blanketi, kiwekeni karibu na jiko lililozimwa, mkakiache hata saa kumi na mbili. Na kabla ya kuzimua mgando wote, wekeni vijiko viwili kando katika kikombe safi kilichofunikwa, viwe mbegu ya kesho.