Ruwaza ya kuazima haiuzi hata smoki pasua

Ingia saiba yoyote hapa Nyeri mjini siku ya kutafuta mikopo, utakuta sentensi moja inachapishwa tena na tena: "Kuwa kampuni inayoongoza Afrika Mashariki kwa huduma bora." Kinyozi anayo. Mwenye agroveti anayo. Anayeuza smoki pasua pale stejini pia anayo. Sasa wasee, mtaongoza wote?

Siwalaumu sana. Fomu za mikopo na ruzuku hudai ruwaza na dhamira, na ukiacha nafasi wazi unaogopa kutupwa nje. Kwa hivyo kijana anamlipa mwenye saiba amjazie, anatia sahihi, hasomi tena. Lakini afisa anayepokea fomu hizo ameisoma sentensi hiyo mara ngapi?

Bila Kiswahili cha semina: ruwaza ni pale unapotaka biashara ifike. Dhamira ni kazi unayofanya leo, unamfanyia nani, na vipi. Na dhamira nzuri hukuzuia. Tuseme unauza mtumba Karatina na umeandika: "Tunawauzia wazazi nguo za watoto zilizofuliwa na kushonwa vifungo, hakuna inayozidi shilingi 200." Siku rafiki atakapokuletea beli la makoti ya wanaume kwa bei ya kutupa, sentensi hiyo itakujibu. Usipokuwa nayo, doo yote inalala kwenye makoti, na wateja wako wanahamia kwa jirani.

Kama unadhani haya ni ya wenye suti, tazama Equity. Ilianza 1984 kule Kangema, Murang'a, kwa jina Equity Building Society, yaani ya kukopesha watu wajenge nyumba. Mikopo hiyo haikufua dafu. Kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kwenye vitabu vyake. Mwaka huo James Mwangi akajiunga nayo, na ikageukia akiba na mikopo midogo ya mkulima na mama wa soko, watu ambao benki kubwa hazikuwa na haja nao. Baadaye ikaondoa hata sharti la kubakisha kiasi fulani kwenye akaunti. Iligeuka benki kamili mwishoni mwa 2004, na 2006 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Kilichobadilika kwanza ni jibu la swali dogo: tunamhudumia nani?

Ruwaza nayo iwe na tarehe. Ile Ruwaza ya 2030 aliyoizindua mwana wa Othaya, Mwai Kibaki, mwaka 2008, ina mwaka kwenye jina lake, ndiyo maana leo tunaweza kuiuliza maswali magumu. Ya kwako iseme, "Duka la pili Nanyuki kabla ya 2029," ili hata mamako aweze kukuuliza limefika wapi. "Kuongoza Afrika Mashariki" hakuna anayeweza kukuuliza.

Na nyinyi mnaotoa mikopo, futeni hiyo sehemu ya fomu. Ulizeni: mteja wako wa jana alikuwa nani, alinunua nini, na mwaka ujao unataka wawe wangapi? Hayo kijana atayajaza mwenyewe pale kaunta, na mwenye saiba akose hiyo mia tatu yake.