Bustani ya Nyumbani: Majivu Yakizidi

Wiki hii twapenda kuzungumza na akina mama wa Logiri, wilayani Arua, na wengine wote wapikao kwa kuni, juu ya kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya jiko.

Mama humwaga majivu hapo kila asubuhi. Miaka ikipita, hupalima na kupanda maharage, akitumaini rutuba. Mimea huota vizuri, kisha majani machanga hugeuka manjano, ilhali mishipa yake imesalia kijani. Mahindi nayo huonyesha michirizi myeupe kandokando ya mshipa mkuu wa jani. Mama hununua mbolea ya urea. Fedha huisha, na ugonjwa ukabaki palepale.

Ni vyema ieleweke kwamba mmea huo haukosi naitrojeni. Upungufu wa naitrojeni huanza kwenye majani ya chini, yaliyokomaa. Manjano yaanzapo kwenye majani machanga, mara nyingi kilichopungua ni chuma. Na michirizi ya mahindi huashiria zinki. Madini haya huhitajika kwa kiasi kidogo mno, lakini yakikosekana hapana mavuno.

Je, yamekwisha udongoni? La, hasha. Majivu ya kuni yana chokaa nyingi. Udongo wa asili wa Arua kwa kawaida si wa chokaa, bali mama ameileta mwenyewe, ndoo kwa ndoo, hata bustani yake ikafanana na ardhi ya matumbawe ya Unguja. Katika udongo wa namna hiyo, kipimo cha pH kikipita 7.5, chuma hugeuka mfano wa kutu isiyoyeyuka. Na mzizi haunywi ila kilichoyeyuka. Hivyo mmea hulala njaa mlangoni mwa ghala.

Jaribio ni rahisi. Chukua udongo mkavu kiganjani, utie siki kidogo. Ukitoa povu, chokaa imezidi.

Basi, acheni kumwaga majivu hapo, na mtie samadi na mboji iliyooza vyema. Majivu yatawanyeni kidogo kidogo shambani, penye udongo mchachu, ambako yana faida. Na kabla ya kununua mbolea nyingine, onaneni na bwana shamba, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, huko huko Arua.

Chumvi hukoleza chakula, lakini hakuna mpishi amwagaye kopo zima katika chungu kimoja.