Tangazo Ukilizuia, Nani Anakosa?

Juzi Bagamoyo nilikaa na biharusi mtarajiwa, anasoma namna ya kutengeneza singo. Kila akisogeza ukurasa, linachomoza tangazo la kubeti. "Nahamia Opera Mini, dadangu," akasema. "Inazuia matangazo, na bando halikimbii." Simlaumu. Kizuizi hicho kimo humo tangu 2016, na kamari ni haramu hata ikija imepambwa.

Lakini tangazo lililozuiwa halihesabiwi, na lisipohesabiwa aliyeandika halipwi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya leseni shilingi milioni moja kwa mwaka. Bado bando, bado umeme. Senti za matangazo ndizo zinazotegemewa.

Kwangu mimi lawama ianze kwa mwenye tovuti. Mitambo ya matangazo ina mahali pa kukataa kamari na picha zisizo na staha. Wengine hawapagusi, maana ndiyo yanayolipa. (Halafu makala yenyewe ni ya stara!) Akishayaondoa, biharusi wangu naye azime kizuizi anapomsoma. Nafasi ile apewe mchora piko wa Kaole au mshona abaya wa Bunju, alipe kwa mwezi, na tangazo liwekwe kama picha ndani ya makala. Hilo kizuizi mara nyingi hakilioni.